Kifaru cha kuchezea kikigoma, tiba yake imo kwenye bati la Kyerwa

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

KIFARU cha kuchezea kinachoendeshwa kwa rimoti hakifi ghafla. Huanza kwa kuzunguka upande mmoja, baadaye hushtuka na kusimama, na siku moja mtoto hubonyeza vitufe vyote pasipo chochote kutikisika. Hapo hutupwa juu ya kabati au kwenye gunia la vyuma chakavu, ilhali mara nyingi kilichoharibika ni kitu ambacho fundi wa redio angekitengeneza kabla chai haijapoa.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, jambo hilo lina uzito wake. Kichezeo cha aina hii aghalabu huletwa na ndugu anayetoka Dar es Salaam, Mwanza, Kampala au Uarabuni, na kikishaharibika hakuna wakala wa kukirudishia wala duka la vipuri vyake. Hospitali iliyopo ni kibanda cha fundi redio, iwe Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, ambako meza moja huhudumia redio, simu, taa za sola na kila kinachotumia betri.

Lipo jingine ambalo mteja aliyekaa kwenye benchi akisubiri huenda halijui. Metali inayofanya kazi kubwa kuliko zote katika matengenezo hayo ni bati, na bati huchimbwa Kyerwa kwenyewe. Hutoka wilayani likiwa mchanga mzito wenye rangi nyeusi au kahawia, na hurudi likiwa waya mwembamba uliozungushwa kwenye kibiringo, bei yake ikiwa imepanda mara nyingi njiani.

Neno kifaru lenyewe si geni katika sehemu hizi. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyepokewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, aliwinda vifaru halisi, wale wa porini, alipokuwa mgeni wa mfalme huyo. Ama vifaru vya chuma, wazee wa Kagera waliviona mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, yakaikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera na kuliharibu daraja la Kyaka. Ni kutoka Kyaka hiyo hiyo inakoanzia barabara ya lami ya kwenda Bugene, yenye urefu wa kilomita 59, ambayo siku hizi huileta Karagwe mizigo ya dukani, vichezeo vikiwamo.

Wazo la kuendesha chombo kwa mawimbi ya redio ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Nikola Tesla aliionyesha hadhara ya New York mashua ndogo ya namna hiyo mwaka 1898, watu wakadhani ni uchawi. Katika miaka ya 1930 jeshi la Umoja wa Kisovieti lilijenga vifaru halisi visivyo na dereva, vilivyoongozwa kwa redio kutoka kifaru kingine kilichofuata nyuma, na likavitumia vitani dhidi ya Finland. Kinachotambaa leo uani, baina ya mkeka wa kahawa na kuku, ni mjukuu wa majaribio hayo.

Ndani ya kifaru hicho hamna mengi. Kuna betri, swichi, bodi ndogo yenye kipokezi cha mawimbi, na mota mbili, moja kwa kila mnyororo. Hakuna usukani. Kikitakiwa kwenda kushoto, mota ya kulia huzunguka na ya kushoto husimama au kurudi nyuma. Vilivyo vikubwa zaidi huongezewa mota ya kuzungusha mnara wa mzinga na kipaza sauti kidogo cha kuiga mlio wa injini.

Fundi makini haanzi kwa kufungua bodi. Huanza na betri, kwa sababu huko ndiko kosa linakopatikana mara nyingi, na pia kwa sababu ndiko wateja wanakodanganyika. Pakiti ya kawaida ya seli za nikeli ina seli sita za volti 1.2 kila moja, jumla volti 7.2. Ikipimwa ikiwa imepumzika inaweza kuonyesha volti 7 kamili na mwenyewe akaapa kuwa ni nzima. Kipimo cha kweli ni kuiweka mita kwenye nyaya wakati mota inajaribu kuzunguka. Ikiporomoka hadi volti 4 papo hapo, pakiti hiyo imechoka.

Hata hivyo, pakiti kuchoka haina maana kwamba seli zote sita zimekufa. Mara nyingi imekufa moja, nayo huzikwamisha nyingine tano. Fundi akilipasua ganda la plastiki taratibu na kuipima kila seli peke yake, huipata iliyo karibu na sifuri, huitoa na kuweka nyingine ya ukubwa na aina ile ile. Kuchanganya seli mpya na zilizochakaa sana si busara, lakini kwa kichezeo ambacho pakiti yake haipatikani mkoa mzima, ni afadhali kuliko kukizika.

Chaja nayo isiachwe bila kupimwa. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua chaja ndogo kabla haujaigusa betri, na mzazi hununua betri mpya kumbe ya zamani haikuwa inachajiwa kabisa. Katika nyumba zinazotumia sola, chaja iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 230 haifanyi kazi ikiunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12, huhitaji inveta.

Vifaru vya miaka ya karibuni hutumia betri za lithiamu, nazo ni habari nyingine kabisa. Pakiti ya seli mbili huandikwa volti 7.4, tarakimu inayofanana mno na ile ya nikeli, na kufanana huko ndiko huleta ajali. Lithiamu ikichajiwa kwa chaja ya nikeli inaweza kuwaka moto. Iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi ili "kutoa hewa", wala haiachwi ndani ya nyumba ya kulala. Katika mlolongo mzima wa matengenezo haya, hapa ndipo pekee ambapo ubahili unaweza kuiteketeza nyumba.

Kwa rimoti inayotumia betri za kawaida, adui ni ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vibanzi vya chuma betri zinaposahauliwa ndani. Dawa yake hutegemea betri iliyovuja. Ya alkalini hutoa uchafu wa magadi, hivyo husafishwa kwa pamba yenye maji ya limau au siki. Zile betri za bei nafuu za kaboni na zinki huvujisha uchafu wenye asidi kidogo, nao hutulizwa kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuokea. Baada ya hapo vibanzi hufutwa kwa spiriti, hukaushwa na kukwanguliwa kidogo kwa msasa laini hadi ving'ae.

Rimoti ikiwa safi na betri ikiwa nzima lakini kifaru bado hakisikii, hufuata swali la mawimbi. Vichezeo vya zamani hutumia masafa ya megahezi 27 au 40, na rimoti ya 27 haiwezi kuendesha kifaru cha 40 hata zikifanana sura. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa takriban mita 11, ndiyo maana rimoti hizo zilikuwa na antena ndefu ya kuvuta. Antena ikivunjika kwenye shina, kifaru husikia kikiwa hatua mbili tu. Waya wenye urefu ule ule wa antena iliyovunjika, ukilehemiwa mahali pake, hurudisha umbali bila kuharibu chochote isipokuwa sura.

Baadhi ya mafundi wana kipimo cha kienyeji: redio ya masafa mafupi huwekwa kando ya rimoti, mshale ukiwa mwisho kabisa wa masafa ya juu, kisha vitufe hubonyezwa. Redio ikikohoa, rimoti ina uhai. Si kipimo cha uhakika, kwani redio nyingi haziyafikii masafa hayo, na hakifai hata kidogo kwa rimoti mpya za gigahezi 2.4. Hizo mpya zina wimbi la sentimita 12 na nusu tu, na antena yake ni kiwaya kifupi kinachoonekana kama uchafu uliosahauliwa kiwandani. Wapo waliokikata wakidhani wanasafisha.

Kifaru kinachozunguka duara moja kina habari nzuri: betri, rimoti na kipokezi ni vizima, upande mmoja tu ndio umekufa. Njia ya kujua kama tatizo ni mota au bodi haihitaji hata mita. Nyaya za mota mbili hubadilishwa kwenye bodi, ya kushoto ikakaa kulia na ya kulia kushoto. Mnyororo uliokuwa umekufa ukianza kuzunguka, mota yake ni nzima na njia ya upande ule kwenye bodi ndiyo mbovu. Ukibaki umekufa, ugonjwa uko kwenye mota, nyaya zake au gia.

Na gia za Karagwe huteswa na jambo moja, vumbi jekundu. Likichanganyika na grisi huwa kama msasa, likayala meno ya plastiki kidogo kidogo. Nywele na nyuzi za mgomba hujisokota kwenye ekseli hadi mota ikashindwa kuzunguka na kuanza kupata moto. Giaboksi hufunguliwa, mota hutolewa, na gia huoshwa kwa maji na sabuni. Petroli, ambayo hukimbiliwa na wengi, hulainisha na kupasua baadhi ya plastiki. Grisi ya kurudishia ni kiasi cha ncha ya kijiti cha kiberiti, wala si mafuta ya kupikia, ambayo baada ya wiki chache huganda kama gundi.

Kwenye makalio ya kila mota huwa kuna vidubwasha viwili au vitatu vya duara, rangi ya udongo, vidogo kuliko mbegu ya papai iliyopondwa. Hizo ni kapasita za kuzima cheche. Fundi mwenye haraka anapobadilisha mota huziacha, kwa kuwa mota huzunguka bila hizo. Mteja hufika nyumbani, na kifaru huanza kushtuka na kupoteza mawimbi kila kinapokaza mwendo, kwa sababu cheche za mota sasa zinaipigia kelele antena ya kifaru chenyewe.

Baada ya hayo yote ndipo bodi inapoangaliwa, kwanza kwa macho na pua. Transista iliyoungua huacha harufu na doa jeusi. Lakini kinachokutwa zaidi ni ufa mwembamba unaozunguka mguu wa waya, mahali ambapo lehemu imechoka kwa mtikisiko. Kifaru kilichoanguka kutoka mezani mara tatu huwa na nyufa kama hizo, na hapo ndipo pasi ya kulehemu huchomekwa kwenye umeme.

Waya unaoyeyushwa huitwa risasi na mafundi walio wengi, jina linaloipa sifa metali isiyostahili. Katika waya wa kawaida wa aina ya zamani, sehemu 63 kati ya 100 ni bati na 37 tu ndizo risasi. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 na risasi kwenye 327, lakini zikichanganywa kwa kipimo hicho huyeyuka zote pamoja kwenye 183, chini ya kila moja ikiwa peke yake. Bati ndilo hasa hushikamana na shaba ya bodi na kufanya muunganiko. Risasi imewekwa kushusha joto na gharama.

Kulehemu vizuri ni suala la mpangilio. Pasi huwekwa igusane na waya na shaba ya bodi kwa pamoja kwa sekunde mbili au tatu, ndipo lehemu hugusishwa kwenye kiungo, si kwenye pasi. Ikitiririka yenyewe na kutulia kama kichuguu kidogo kilichochongoka, kazi imefaa. Ikikaa kama tone la nta lililobandikwa, kiungo hicho kitaachia kabla ya mwezi kwisha. Moshi unaopanda hautokani na risasi, ambayo haivukizi kwenye joto hilo. Hutoka kwenye dawa ya utomvu wa msonobari iliyo ndani ya waya, nao huwasha kifua, hivyo dirisha hufunguliwa. Hatari ya risasi iko mikononi. Anayelehemu kisha akala andazi bila kunawa huila, na watoto hawapaswi kukaa mezani kuokota vipande vinavyodondoka.

Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006, na viwanda vingi duniani vikafuata. Bodi mpya hutumia lehemu ambayo karibu yote ni bati, pamoja na fedha na shaba kidogo, inayoyeyuka karibu na nyuzi joto 217 na ambayo hata ikiwa nzima hufifia. Fundi aliyezoea kuhukumu kiungo kwa kung'aa huweza kuvifumua vizima. Lakini zuio hilo lilikuwa na matokeo mengine: lilipandisha haja ya bati. Takriban nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye lehemu.

Hapo ndipo habari inaporudi Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Milima yake imo katika ukanda wa miamba ya kale ambao wanajiolojia huuita Karagwe-Ankole, unaopita pia Rwanda, Burundi na kusini magharibi mwa Uganda. Karibu miaka bilioni moja iliyopita, maji ya moto kutoka kwenye miamba ya matale yalipenya kwenye nyufa za miamba hiyo na kuacha jiwe liitwalo kasiterite. Uchimbaji wake Kyerwa ulianza zama za ukoloni wa Kiingereza, na leo hufanywa zaidi na wachimbaji wadogo.

Wasomaji wa mjini wanaosikia "bati" na kufikiria paa la nyumba wasamehewe. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, yamechukua jina tu. Bati la Kyerwa ni jiwe ambalo uzito wake ni karibu mara saba ya maji, wakati mchanga wa kawaida hauzidi sana mara mbili na nusu. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wa mchimbaji mwenye karai: akitikisa kwenye maji, mchanga huondoka na kasiterite hubaki chini.

Kutoka kwenye karai hadi kwenye waya wa fundi kuna hatua kadhaa, na kubwa kati yake ni kuyeyusha. Kasiterite huchanganywa na makaa katika tanuri linalopita nyuzi joto 1,000 ili oksijeni iachane na metali. Viwanda vikubwa vya kazi hiyo viko China, Indonesia na Malaysia, na jirani tu Rwanda inacho kimoja Kigali. Thamani hubaki kwenye tanuri.

Kuuza nako kuna masharti. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliyataja madini manne, bati likiwamo, ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na nchi zinazopakana nayo, kwa hofu kwamba yanagharamia vita. Tanzania inapakana na Congo ziwani Tanganyika, hivyo bati la Kyerwa, ambalo halikuwa na vita, likaingizwa kwenye kundi moja. Mwaka huo huo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu waliridhia mjini Lusaka utaratibu wa cheti cha asili ya madini. Mzigo usio na cheti hauna soko la halali la maana, na magendo ya bati kwenda nchi jirani yamelalamikiwa na viongozi wa Serikali kwa miaka mingi. Masoko rasmi ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019 yalikusudiwa, pamoja na mengine, kuziba mianya hiyo.

Mapema mwaka 2022 bei ya bati kwenye soko la London ilipita dola 40,000 za Marekani kwa tani. Kiungo kimoja cha mota ya kifaru hutumia lehemu yenye uzito wa punje chache za mchele, hivyo hakuna aliyefilisika mezani. Lakini fundi anayenunua waya wa bei ya chini kabisa hupewa wenye risasi nyingi na bati haba, na viungo vyake huachia mapema.

Vipo visivyotengenezeka. Bodi ambayo kipokezi chake kimeungua, hasa ya gigahezi 2.4, haifufuliwi kwa pasi, na mbadala wake ni kuagiza bodi pamoja na rimoti yake. Mnyororo uliokatika, kinyume chake, si tatizo: pini yake hutengenezwa kwa waya mwembamba wa chuma uliokatwa kwa kipimo. Gia iliyonyolewa meno wakati mwingine hupatikana ndani ya printa mbovu au kichezeo kingine kilichokufa kwa ugonjwa tofauti, na ndiyo sababu mafundi wazuri hawatupi maiti.

Kabla ya kulipa, mteja asiridhike kuona kifaru kikienda mbele mezani. Kiwekwe chini, kipelekwe umbali wa hatua 15, kizungushwe pande zote mbili na kurudishwa nyuma mfululizo kwa dakika tano. Kisha mota ziguswe kwa kidole. Zikiwa na uvuguvugu ni sawa. Zikiwa moto kiasi cha kidole kutovumilia, gia bado inakwama mahali na kazi haijaisha.